Ngazi Iliyopungua

Haugli, Lesja
4 Septemba 2003

Shemeji Sunniva,

Salamu zako, na za huyo ndugu yangu Eilif kama bado anakumbuka kwamba ana ndugu. Mimi mzima. Kondoo wameshuka kutoka mlimani, watatu hawajaonekana, na mvua haitaki kusikia habari ya kupumzika.

Ngazi yetu imekwama. Jana nilibomoa ile ya zamani, ile iliyomwangusha mama mwezi wa Machi akavunjika nyonga, na niliibomoa kwa furaha kama mtu anayelipiza kisasi. Lakini nilipofungua dari nikakuta dohani ni pana kuliko tulivyodhani. Babu aliiongezea tabaka la mawe bila kumwambia mtu. Ngazi uliyonichorea, ile iliyonyooka, itaingia tumboni mwa dohani. Lazima ipinde. Vidato vya kona, vyembamba upande mmoja na vipana upande mwingine, navijenga vizuri nikiwa na mchoro mbele yangu. Kuvipanga kichwani siwezi. Hiyo ni kazi yenu mliosoma.

Basi chora upya. Vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Na uutume kama ule wa kwanza, kwenye karatasi kubwa kama shuka, iliyokuja imeviringishwa kwenye bomba la boksi. Ile niliitandaza ikafunika meza nzima, nikaona kila kitu nikiwa nimesimama.

Mama bado yuko Dombås, kwenye nyumba ya kuwafundisha watu kutembea tena, anawasumbua wauguzi. Wamemwambia atarudi kabla ya Krismasi. Anasema chumba chake ni kile cha juu alichoingia akiwa bibi harusi, na kwamba kumlaza sebuleni ni kumlaza kama maiti anayengoja jeneza. Unamjua. Kwa sasa nyumba haina ngazi kabisa. Mimi napanda kulala kwa ngazi ya kuezekea paa. Harakisha, shemeji, silali vizuri nikifikiria theluji.

Mwambie Eilif ampigie mama simu.

Shemeji yako,
Gaute


Trondheim
15 Septemba 2003

Shemeji Gaute,

Pole na mvua, pole na babu. Nimecheka peke yangu niliposoma habari ya dohani, kisha nikakaa nikachora. Ngazi sasa inapinda mara moja, karibu na juu, na vidato vyake ni vya chini ili mama asiinue mguu sana.

Utaona mchoro umekuja ndani ya bahasha, siyo kwenye bomba. Karatasi kubwa ile ilitoka kwenye mashine ya ofisini, nayo kwa sasa haipatikani. Huu nimeuchapa kwa printa ya kawaida, ya kuchapia barua, kwa hiyo mchoro mzima umepunguzwa mpaka ukaenea kwenye karatasi moja. Usiweke rula juu yake, itakudanganya. Fuata namba. Kila kidato kimeandikiwa upana wake na urefu wake, huwezi kupotea.

Anwani iliyo nyuma ya bahasha ni mpya. Ndiko ninakofanyia kazi siku hizi, kwa utulivu. Usipige simu ofisini, niandikie tu. Barua inafika upesi.

Ujumbe wa Eilif nimeupata.

Wako,
Sunniva


Haugli
22 Septemba 2003

Shemeji,

Nimepokea stempu yako. Nilidhani ni ya kubandika kwenye bahasha, nusura niilambe.

Kweli, Sunniva? Ngazi ya mama yangu unaiweka kwenye karatasi ya kufungia jibini? Mistari imesongamana kama nywele kwenye kitana, na namba zimelala pale kama mayai ya chawa. Mimi ni fundi, nasimama na randa mkononi, siwezi kuinama siku nzima kama mtu aliyepoteza sindano. Fundi hupewa mchoro wa fundi. Hivi vidogo ni vya kumwonyesha mteja akiwa anakunywa kahawa.

Ndiyo, nilipiga simu ofisini kwenu, wewe na Eilif, najua ulinikataza. Akapokea Eilif. Nikamwuliza, "Mashine yenu kubwa imekufa?" Akasema, "Mashine nzima." Nikamwambia, "Basi mbona mkeo ananitumia vipande?" Kisha akasema, "Muulize mwenyewe."

Basi nakuuliza mwenyewe. Tumekukosea nini? Kama ukwe umekuchosha, sema, hatutakufunga kamba. Lakini usinitumie mchoro ambao mtu anahitaji kuwa mwewe ili ausome.

Barua zako mwenyewe, hata hivyo, unaandika kwa herufi kubwa za kupendeza. Endelea hivyo hivyo.

Gaute


Trondheim
1 Oktoba 2003

Gaute,

Kwa hiyo umeongea na Eilif. Vizuri, basi mmeshaongea. Sikujua kwamba huko Haugli, mkiwa na neno na mtu, mnalipitisha kwenye kejeli za jibini. Ningependa kuambiwa usoni, lakini sawa.

Haya, umeshinda. Humu ndani mna karatasi nne. Mchoro ni nusu ya ule wa mwanzo, umekatwa vipande vinne. Viunganishe kwa gundi kufuata alama za pembeni, utapata kitu unachoweza kubandika ukutani. Skeli ni moja kwa ishirini. Sentimita moja ya karatasi ni sentimita ishirini za mbao, kwa hiyo hapa rula yako inaruhusiwa. Kwenye kona ya chini kuna mstari wa kupimia. Uupime kwanza. Ukiwa sentimita tano kamili, karatasi inasema kweli. Na namba bado zipo, ndizo za kuaminiwa kuliko kitu chochote.

Sina zaidi. Wasalimie kondoo.

Sunniva


Haugli
20 Oktoba 2003

Shemeji mwema,

Huo sasa ni mchoro! Karatasi nne nimezibandika kwenye mlango wa ghala, naziona nikiwa kazini. Nachukua urefu kwa bikari, naupigisha mara ishirini kwenye ubao, basi. Kazi inateleza kama sleji kwenye theluji. Sijalazimika kuinamia namba hata moja.

Mbao nimetoa zile za msonobari, ambazo mimi na baba tulizipasua mwaka ule aliofariki. Zimekauka darini muda wote huo zikingoja jambo la maana, na sioni jambo la maana kuliko hili. Ukizipiga randa zinanukia kama zimekatwa juzi.

Theluji ya kwanza imeanguka ikayeyuka, ikaanguka tena. Mama anasimama kwa fimbo. Kila Jumapili ananiuliza, "Imefika kidato cha ngapi?" Nami nadanganya, naongeza viwili. Sina raha mpaka niione imesimama. Nakunywa kahawa nikiwa natembea.

Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi kama siku ya Desemba. Kama ni kwa sababu ya maneno ya jibini, nimeyafuta. Mimi mdomo wangu unakimbia mbele ya kichwa, hilo si geni kwako.

Gaute


Haugli
9 Novemba 2003

Sunniva,

Haikutani.

Jana tuliiinua, mimi na Kolbein wa shamba la chini. Ubao wa nje ulipoegemea ukuta, ule wa ndani ukaishia hewani. Kutoka kidato cha mwisho mpaka mlango wa juu kuna pengo ambalo mtoto angeweza kutumbukia. Nikadhani tumeiweka vibaya. Tukaishusha, tukaiinua tena. Si pengo la mahali pamoja. Ngazi nzima imepungua, kila kipande kwa kiasi chake, kama sweta ya sufu iliyochemshwa.

Kolbein akaizunguka, akasema, "Gaute, umemjengea mama yako ngazi ya kuku." Nikamwambia atoke.

Gundi imeshakauka. Mbao za ubavuni hazifai tena, nazo hazina wenzao. Mama anarudi baada ya wiki chache. Nimemwambia nini? Nimemwambia iko tayari inapigwa mafuta.

Mchoro wako ni wa uongo. Nilikuamini, nikakata.

Gaute


Trondheim
14 Novemba 2003

Gaute,

Nimetoa nakala yangu nikaupima ule mstari wa kona. Haufiki sentimita tano. Printa ndogo kama hii haiwezi kutia wino mpaka ukingoni mwa karatasi. Ikiona mchoro umegusa ukingo, inaupunguza kimyakimya ili uenee, isipokuwa uikataze. Sikuikataza. Ni kupungua kidogo sana, jicho halikamati, lakini ukikuzidisha mara ishirini unapata pengo lako. Hilo ni kosa langu, na mbao za baba yenu zinanichoma rohoni.

Lakini Gaute, namba zilikuwepo! Kila ubao ulikuwa na namba yake. Nilikuandikia upime mstari kabla ya kushika msumeno. Wewe umejenga ngazi za nusu ya bonde hilo, halafu unakata mbao ulizoachiwa na baba bila kusoma namba hata moja, na unajisifu barua nzima kwamba hukuzisoma? Nimegeuzageuza jambo hili, naliona kwa njia moja tu. Ulitaka ishindikane. Ulitaka mama arudi akute pengo, upate kusema, hii ndiyo kazi ya mwanamke aliyemwacha Eilif.

Tangu Agosti nalala na kufanya kazi ndani ya chumba kimoja juu ya duka la maua. Printa ni ya mwenye duka, anachapia risiti na kadi za maziko. Sikutaka kukwambia kwa sababu ngazi hii ndiyo kitu pekee cha kwenu kilichobaki mikononi mwangu, na nilitaka niimalize kabla hamjaanza kuniita "yule." Kumbe ulijua tangu siku ile ya simu, na kejeli zako zote zilikuwa njia ya kuniambia.

Kama umechukua upande wa ndugu yako, ni haki yako. Lakini ungesema.

Sunniva


Dombås
18 Novemba 2003

Mkamwana wangu Sunniva,

Safari hii umeandika kwa herufi ndogo. Watu wakikasirika huandika kidogo, mume wangu alikuwa vivyo hivyo. Nimejuaje? Barua yako nimeisoma mimi.

Gaute alikuja Jumapili, kanisa lilipotoka. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akatoa bahasha mfukoni, akasema, "Mama, nisomee, nimesahau miwani." Gaute hana miwani. Hajawahi kuwa nayo tangu nimzae. Nikasoma. Nilipofika kwenye "mwanamke aliyemwacha Eilif" nikasimama, nikarudi nyuma, nikasoma tena. Tukabaki tunatazamana kama watu waliomwagiwa ndoo ya maji.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Ningejulia wapi, mama? Nilimwuliza Eilif habari ya mashine ya kuchapa tu."

"Na hizo namba? Kwa nini hukuzisoma?"

Akageukia dirisha. Nikamwambia usinigeuzie kisogo, mimi nimevunjika nyonga, sijavunjika masikio.

"Sioni katikati," akasema.

"Katikati ya nini?"

"Ya kitu chochote. Nikikutazama usoni naona nywele na mabega. Uso wenyewe una ukungu. Namba nikizitazama zinakimbia. Mstari mnene nauona, kwa pembeni."

Ilianza majira ya kuchipua, anasema. Yeye akanyamaza kwa sababu fundi asiyeona hapewi ubao. Wewe ukanyamaza kwa sababu zako. Mmoja amejificha nyuma ya printa, mwingine nyuma ya karatasi, kila mmoja anamwona mwenzake mbaya, na mwisho wa yote ninayelala sebuleni ni mimi.

Habari ya Eilif haikunishtua sana. Septemba alikuja hapa na keki ya dukani, akasema una mafua. Oktoba akasema bado una mafua. Nikamwambia, basi huyo azikwe. Sitakuuliza kwa nini umeondoka. Umekaa naye miaka mingi, una macho yako. Lakini Gaute hajachukua upande wa mtu. Maskini hakujua hata kwamba kuna pande.

Nenda Haugli. Usimwandikie kwanza, maana hawezi kusoma barua bila kuja kuniletea, nami nimechoka kuwa posta.

Mama yako,
Borghild


Haugli
7 Desemba 2003

Mama,

Nisamehe kwa kuchelewa kuandika. Tulianza kazi siku niliyofika, na tangu hapo hakuna mtu aliyekaa chini, hata wakati wa kula.

Gaute hakuwa ndani. Nilimkuta ghalani, amesimama mbele ya ile ngazi mbovu, mikono mifukoni. Hakugeuka. Akasema, "Hatua hizo ni za mtu wa mjini. Umekuja kuchukua karatasi zako?"

"Nimekuja kuona ngazi ya kuku," nikamwambia.

Akacheka, kisha akaacha. Ndipo akageuza kichwa upande, kama ndege anayetazama punje. Bila barua yako ningedhani ananidharau. "Nikikuangalia hivi nakuona zaidi," akasema. "Umekonda."

"Kwa nini hukuniambia huoni?"

"Na wewe kwa nini hukuniambia umehama?"

"Nilidhani ukijua utaacha kuniita shemeji."

"Mimi nilidhani ukijua utatafuta fundi mwingine." Akapuliza vidole. "Haya, sote wajinga. Unajua kushika ufagio?"

Yeye ndiye aliyekumbuka kwamba baba alikuwa akichora ngazi sakafuni, kwa ukubwa wake kamili. Tukatoa mashine ya kukatia majani, tukafagia mpaka mbao za sakafu zikaonekana, tukachora. Mimi nasoma namba kwa sauti, yeye anashika kamba upande wa pili, mimi napiga chaki, mistari minene kama kidole. Magoti yangu hayafai tena. Ilipokamilika Gaute alivua viatu akaizunguka na soksi zake, kichwa pembeni, anaangalia chini. Mwishowe akasema, "Sasa naiona." Nikatoka nje kidogo kwa sababu machozi yalikuwa yananijia, na baridi ya huku haifai kulia.

Kisha tukagombana, usidhani tumekuwa malaika. Nilichukua mpini wa reki nikatembea juu ya chaki kama wewe na fimbo yako. Kwenye kona, mguu na fimbo havikuenea pamoja. Nikataka kupanua. Gaute akasema tukipanua pale tutakula mlango. Nikamwambia mama yako akianguka tena utamla nani? Tukarushiana maneno mpaka Kolbein, aliyekuwa anapita, akachungulia kuona nani anauawa. Tulipanua. Mlango tumeusogeza.

Kolbein alirudi kesho yake na trekta, nyuma amebeba mbao mbili ndefu za msonobari. Hakusema kuhusu kuku. Alisema tu, "Zinanichukulia nafasi." Vidato vya zile mbao za baba vimeokoka karibu vyote, tumevitumia vile vile, na kupungua kwake kidogo hakudhuru. Mpya ni mbao za ubavuni na vidato vya kona tu.

Sasa jambo zito. Nilimpeleka Lillehammer kwa daktari wa macho. Niliendesha mimi. Nilipomwuliza alikuwa anaendaje Dombås kila Jumapili, akasema, "Polepole." Mama, nimechukua funguo za gari, nitakupa mkononi mwako. Daktari alisema katikati hapatarudi, na huenda pakazidi. Kingo zitabaki. Hatakuwa gizani, atatembea, atafanya kazi ya mikono, lakini kusoma na nyuso za watu, hapana. Gaute alisikiliza, akamshukuru, akamwuliza kama ana ngazi nyumbani kwake. Njiani, tulipofika Ringebu, akaomba tusimame anunue soseji. Akala mbili. Akasema, "Basi. Nilikuwa naogopa zaidi kabla ya kujua."

Umeniambia hutaniuliza kuhusu Eilif, kwa hiyo nakwambia bila kuulizwa. Hakuna mwanamke mwingine, wala mkono haukuinuliwa. Tulikuwa tunaongea kazi mezani, tunaongea kazi kitandani. Siku tulipokosa la kuongea kuhusu kazi, tukagundua hatuna kingine. Nilingoja aseme kitu. Labda naye alikuwa anangoja. Nikaondoka kabla sijaanza kumchukia.

Ngazi itasimama wiki hii. Nitaondoka kabla ya sikukuu, Eilif anakuja, ni mwanao na ni nyumbani kwake. Kanyaga taratibu.

Mkamwana wako, kama neno bado linafaa,
Sunniva


Haugli
28 Desemba 2003

Shemeji Sunniva,

Naandika kwa kalamu ile nene uliyoniachia. Mistari ikipandana, soma wa juu kwanza.

Nianze na kazi. Watu wa Bjorli wameiona ngazi, wanataka yao. Nimewaambia mimi sisomi mchoro tena, nina mwenzangu anayesoma na kupiga kelele, ndiye wa kukubali au kukataa. Fikiria. Chumba cha kusini kina jiko la kuni na mwanga mzuri, na mama ameshatundika mapazia bila kumwuliza mtu. Sikuombi urudi kwa Eilif, hayo ni yenu. Na neno shemeji si la Eilif kutoa wala kunyang'anya. Nimekuita hivyo miaka yote kwa mdomo wangu.

Sasa habari. Mama alirudi siku mbili kabla ya Krismasi. Alisimama chini ya ngazi, akaigonga kwa fimbo, akasema, "Nzuri. Leo nimechoka." Kesho yake akachoka tena. Akalala sebuleni, akageuzia ukuta uso. Nikaelewa kwamba anaogopa. Mama, kuogopa! Sikujua la kufanya. Kumbeba asingekubali, kumbembeleza asingesikia. Nilikuwa napita pale kila mara najifanya natafuta kitu.

Eilif alifika mkesha. Tukala mbavu za kondoo, tukapitishiana viazi kistaarabu. Siku ya pili, kwenye kahawa jikoni, akaona kitambaa chako cha kichwa kimening'inia kwenye msumari.

"Alikuwa hapa?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu! Na wewe ndugu yangu hukuniambia?"

"Wewe uliniambia nini? Mlikuwa mmeachana tangu Agosti, na mimi nikiuliza unanijibu mashine nzima. Kama ilikuwa nzima, ungemchapia mama yako karatasi moja kubwa, ukaitia posta."

"Hakuniomba!"

"Nani aombe? Mama ni wako au wake?"

Hapo ikawaka. Sitaandika yote, mengine hayafai siku za sikukuu. Alisema nimemchagua mgeni nikamwacha damu yangu. Nikamwambia mgeni ndiye aliyepiga magoti ghalani. Akapiga meza, kikombe kikaanguka, nami nikasimama, naye akasimama, Sunniva, watu wazima wawili kama kondoo dume, na hata uso wake siuoni vizuri wa kuulenga.

Ndipo tukasikia dari. Fimbo, mguu. Fimbo, mguu.

Tukainua vichwa wote wawili. Hatua zilikuwa juu yetu, zinavuka sakafu, taratibu, bila kusita.

Eilif alitoka mbio, mimi nyuma yake. Sebuleni blanketi limekunjwa vizuri. Tukapanda. Kwenye kona, pale tulipopagombania, Eilif alishika mkono wa ngazi akasimama kidogo, akapapasa ubao wa ubavuni mpaka unapoungana na nguzo. "Ameichora Sunniva?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akasema, "Ni nzuri," kisha akavuta pua. Nyuso sizioni, lakini pua ya mtu naisikia.

Mama alikuwa ameketi kitandani mwake na koti lake, kwa kuwa kule juu ni baridi, viatu ameshavivua, ameviweka sawasawa chini. Tulisimama mlangoni kama watoto waliochelewa shule.

"Endeleeni tu," akatuambia. "Huku juu hamsikiki."

Gaute